Turbo na Mlima: Jinsi ya Kuchagua Nyumba ya Turbo Ipasayo Kazi ya Gari

Magari yenye turbo yamekuwa mengi katika barabara za Kitui na Makueni. Malori yachukuayo mchanga na maembe, mabasi madogo yaendayo Nairobi, Land Cruiser zipitazo Mutomo na Ikutha, hata motokaa ndogo za petroli zinazoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko, nyingi katika hizo zina chombo hiki. Tena wako wenye magari yasiyo na turbo ambao hutamani kutiliwa, na wako wale ambao turbo yao imekufa na sasa wanatafuta nyingine. Hapo ndipo litokeapo swali ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha, nalo ni hili: Je, nyumba ya turbo iwe kubwa au iwe ndogo?

Swali hili si la kupita nalo hivi hivi. Akosaye katika uchaguzi huu huweza kuunguza injini ambayo ndiyo mtaji wake wote, au huweza kujikuta katikati ya mlima wa Salama, katika barabara ya Mombasa, akiwa amekwisha kutoka nyuma ya lori ili alipite, na nguvu aliyoitegemea isije kwa wakati wake. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, na kila kijana ajifunzaye ufundi, afahamu jambo lenyewe tangu shina lake.

TURBO NI NINI?

Injini yoyote hula vitu viwili, mafuta na hewa. Kuipa injini mafuta mengi ni kazi nyepesi, kwani pampu huweza kuyasukuma upendavyo. Lakini mafuta yasiyo na hewa ya kutosha hayaungui yakaisha. Hutoka nyuma ya gari kama moshi mweusi, na fedha ya mwenye gari hutoka pamoja nao. Mhunzi alijua jambo hili tangu zamani za kale. Makaa yake ni yale yale, lakini avutapo mvukuto na kuyapulizia upepo, huwaka kwa ukali hata chuma kikalainika. Basi turbo ndiyo mvukuto wa injini.

Tofauti yake ni kwamba mvukuto huu hauvutwi kwa mkono. Huendeshwa na moshi utokao katika injini, ambao kama si hivyo ungepotea bure. Ndani ya turbo mna magurudumu mawili madogo yaliyofungwa katika ncha mbili za mtaimbo mmoja. Moshi wa moto hupiga gurudumu la kwanza na kulizungusha. Kwa kuwa mtaimbo ni mmoja, gurudumu la pili huzunguka pamoja nalo, likivuta hewa safi na kuibana ndani ya injini. Magurudumu haya huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kwa hiyo hayawezi kuvumilia uchafu wala upungufu wa oili.

Chombo hiki si kigeni ulimwenguni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wake katika mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, mlima wenye urefu wa mita 4,300 hivi. Injini ile iliyokuwa na nguvu za farasi 350 chini, ilibakiwa na 230 hivi tu huko juu. Alipoitia turbo ikatoa 356. Motokaa za watu wa kawaida zilianza kuuzwa zikiwa na turbo huko Marekani mwaka 1962, nazo zilikuwa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Nasi katika Kenya tuliona kwa macho yetu mwaka 1984, Toyota Celica yenye turbo iliposhinda mashindano ya Safari Rally ikiendeshwa na Björn Waldegård. Gari la namna hiyo lilishinda tena mwaka 1985 na 1986. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba turbo haistahimili vumbi, joto na mawe ya nchi yetu.

NYUMBA YA MOSHI, NA MFANO WA MTO

Kila gurudumu la turbo hukaa ndani ya nyumba yake ya chuma yenye umbo la konokono. Mafundi wengi huiita hauzingi. Ziko mbili: ya upande wa hewa, ambayo aghalabu ni ya aluminiamu, na ya upande wa moshi, ambayo ni ya chuma kizito kinachostahimili moto. Katika makala haya tunazungumza juu ya hii ya pili, nyumba ya moshi, kwa sababu ndiyo iamuayo ni wakati gani turbo itaamka, na ni wakati gani itaanza kuizuia injini.

Ili kuelewa kazi yake, na tuufikirie Mto Tiva wakati wa mvua. Mahali ambapo mto umetanuka juu ya mchanga, maji huenda polepole na mtu mzima huweza kuvuka maji yakiwa magotini. Lakini mahali ambapo mto hubanwa kati ya majabali, maji yale yale huenda kwa kasi kubwa na kuangusha hata ng'ombe. Kiasi cha maji hakikuongezeka. Kilichobadilika ni upana wa njia. Kama ungetaka kusimamisha gurudumu la kuzungushwa na maji, bila shaka ungelisimamisha pale kwenye majabali.

Nyumba ndogo ya turbo ni kama ile njia ya majabali. Hata moshi ukiwa kidogo, hupita kwa kasi na kulizungusha gurudumu upesi. Nyumba kubwa ni kama ule uwanda wa mchanga. Moshi ukiwa kidogo hupita taratibu, na gurudumu huchelewa kuamka.

Lakini mfano wetu una upande wa pili, nao usisahauliwe. Mvua ikizidi, njia ile nyembamba ya majabali haiwezi kupitisha maji yote. Maji hujaa nyuma yake, hupanda kingo na kufurika katika mashamba. Ndivyo ilivyo katika injini. Mzunguko wa injini ukiwa mkubwa na moshi ukiwa mwingi, nyumba ndogo huwa kizuizi. Moshi hurundikana na kurudi nyuma, pistoni hulazimika kuusukuma kwa nguvu, joto hupanda, na sehemu ya nguvu ya injini huliwa na kazi hiyo isiyo na faida. Uwanda mpana wa mchanga, kwa upande wake, hupitisha mafuriko yote bila taabu.

Basi hakuna nyumba iliyo njema kwa kila jambo. Ununuapo wepesi wa kuamka, hulipa kwa pumzi ya juu. Na ununuapo pumzi ya juu, hulipa kwa kuchelewa kuamka.

MAANA YA ALAMA ZILIZOANDIKWA JUU YA CHUMA

Ukiitazama nyumba ya moshi ya turbo za makampuni kama Garrett, utaona imeandikwa herufi A/R na tarakimu, mathalani .48, au .63, au .82. Watu wengi hudhani kwamba tarakimu hizi ni kipimo cha nguvu. Sivyo hata kidogo.

Herufi A ni eneo la tundu la njia ya moshi, kama ungalikata konokono yule kwa msumeno na kupima uwazi wake. Herufi R ni umbali kutoka katikati ya mtaimbo hadi katikati ya tundu hilo. Eneo hugawanywa kwa umbali, na jibu ndilo liandikwalo. Kwa mfano wa hesabu tu, eneo likiwa inchi za mraba 2 na umbali ukiwa inchi 3.2, jibu ni .63 hivi. Njia ya konokono hupungua upana kadiri iendavyo ndani, na umbali nao hupungua kwa kiasi hicho hicho; kwa hiyo jibu ni moja mahali popote upimapo.

Katika turbo za aina moja, tarakimu ndogo ni njia nyembamba, na tarakimu kubwa ni njia pana. Lakini tahadhari: linganisha turbo za ukoo mmoja tu. Nyumba ya .63 ya turbo ndogo si sawa na nyumba ya .63 ya turbo kubwa, kwa kuwa gurudumu la ndani na umbali wake ni tofauti. Fundi akikuambia, "Nimekuletea point sixty-three kama ile uliyokuwa nayo," muulize kwanza kama turbo yenyewe ni ya ukoo ule ule. Tena si makampuni yote yatumiayo hesabu hii. Mitsubishi huandika eneo lenyewe kwa sentimita za mraba, kama 6 au 7 au 8. Hapo pia sheria ni ile ile: tarakimu ndogo huamka upesi, tarakimu kubwa hupumua vizuri zaidi juu.

HESABU YA INJINI MBILI

Sasa tuchukue injini mbili zijulikanazo sana katika Kenya, tupime hewa ya kila moja.

Ya kwanza ni 1HZ ya Toyota Land Cruiser, injini ya dizeli yenye silinda sita na lita 4.2. Injini ya namna hii huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ikizunguka mara 2,200 kwa dakika, huvuta lita 4,600 hivi za hewa kwa dakika hiyo, bila turbo. Ikifika mizunguko 3,800, ambayo ndiyo ukomo wa nguvu yake, huvuta lita 7,900 hivi. Yaani kutoka mwendo wa kuvuta mzigo hadi mwendo wa juu kabisa, hewa haijafika hata mara mbili.

Ya pili ni injini ya petroli ya Subaru yenye lita 2. Kwa mizunguko 2,500 huvuta lita 2,500 hivi, na kwa mizunguko 6,500 huvuta lita 6,500. Hapo hewa imeongezeka mara mbili na nusu na zaidi.

Hesabu hii yatufundisha nini? Injini ya dizeli ina uwanja mfupi wa kufanyia kazi. Mto wake haujai ghafla sana. Kwa hiyo huweza kutumia nyumba iliyo ndogo kwa kadiri, ikaamka mapema na bado isisonge kupita kiasi huko juu. Lakini injini ya petroli ina uwanja mrefu. Ukiibana kwa nyumba ndogo mno, itaondoka kwa furaha katika taa za mji na kuchoka katika barabara kuu. Ukiipa nyumba kubwa mno, italala usingizi katika kila kona na kuamka wakati ambapo dereva hakuitaka. Ndiyo maana fundi mwema hatumii kanuni moja kwa magari yote.

HEWA YA KITUI NA HEWA YA MOMBASA

Jambo la tatu la kupimwa ni nchi yenyewe. Mombasa iko usawa wa bahari, mji wa Kitui uko mita 1,150 hivi juu ya bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Kadiri upandavyo ndivyo hewa inavyopungua uzito. Pwani hewa hutukandamiza kwa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba; Kitui ni kama 12.8, Nairobi ni kama 12. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo, na kila dereva aliyepanda na mzigo kutoka pwani analifahamu hilo.

Turbo huweza kuirudisha hewa iliyopotea, lakini kwa kufanya kazi zaidi. Mathalani, turbo ikiongeza paundi 7 pale Mombasa, jumla ni 21.7, yaani hewa imebanwa mara moja na nusu karibu. Ili kupata jumla hiyo hiyo Kitui, haina budi kuongeza karibu paundi 9, na hewa ibanwe mara 1.7. Kwa hiyo gurudumu lazima lizunguke kwa kasi zaidi juu kuliko chini. Nyumba iliyokuwa ndogo kidogo kwa gari la Mombasa huweza kulilazimisha gurudumu lizunguke kupita mpaka wake katika vilima vya Mbooni au Kilungu. Wala si lazima tarakimu iliyosifiwa na mtu wa nchi nyingine, mwenye barabara tambarare usawa wa bahari, ikufae wewe.

JINSI YA KUCHAGUA

Kwanza, ijue kazi ya gari. Gari lichukualo mchanga kutoka mtoni, au maembe kutoka mashamba ya Makueni, au wagonjwa kutoka vijiji vya mbali, hutaka nguvu katika mizunguko ya chini, gari likiwa zito na barabara ikiwa mbaya. Gari kama hilo lichaguliwe nyumba ndogo katika zile zinazopatikana kwa turbo ya ukoo wake, au ile ya katikati iliyo karibu na ndogo. Gari lendalo kasi barabarani kwa saa nyingi na mzigo mwepesi, lipewe ya katikati. Nyumba kubwa iachiwe gari la mashindano, ambalo dereva wake hulizungusha juu wakati wote.

Pili, pima ukweli wa mwendo wako. Watu wengi hujibu kwa majivuno waulizwapo mwendo wao. Afadhali utazame saa ya mizunguko kwa muda wa juma zima, uandike: nipandapo mlima, injini huzunguka mara ngapi? Niendapo Nairobi, mara ngapi? Katika magari mengi ya mzigo utaona kwamba sehemu kubwa ya siku hupita kati ya mizunguko 1,500 na 2,500. Chagua nyumba iamkayo kabla ya hapo; usichague kwa ajili ya mwendo unaoufikia mara moja kwa mwezi.

Tatu, ijue injini yako ina uwezo gani wa kustahimili. Ile 1HZ tuliyoitaja haikutengenezwa kwa turbo. Mbano wake wa ndani umezidi 22 kwa 1, ambao tayari ni mkubwa. Toyota walipotaka injini ya ukubwa huo yenye turbo, walitengeneza nyingine, 1HD-T, wakabadilisha hata namna ya kunyunyiza mafuta ndani yake. Mtu akiitia 1HZ turbo, inampasa aridhike na msukumo wa kiasi, kama paundi 7, na achunge joto la moshi kuliko kitu kingine. Kamba hukatikia pembamba. Ukiongeza nguvu mahali pamoja, mahali padhaifu patajitokeza penyewe, nacho kitakuwa pistoni, au gasketi ya kichwa, au klachi.

Nne, ikiwa gari lilitoka kiwandani na turbo yake, shauri jema ni kurudisha ya namna ile ile. Watengenezaji walikwisha kupima joto, msukumo na mwendo kwa vyombo ambavyo sisi hatuna. Mabadiliko yafanywe tu pale ambapo kazi ya gari imebadilika kweli.

Tano, nyumba na gurudumu ni kama kinu na mchi wake. Kila kimoja kimefanywa kwa ajili ya mwenziwe. Mara nyingi huweza kubadilishwa nyumba peke yake bila kununua turbo nzima, na kwa njia hiyo mtu huokoa fedha nyingi. Lakini nyumba lazima iwe ya gurudumu lile lile. Asikubali mtu kuchongewa nyumba kwa jiwe la kunolea ili gurudumu liingie. Nafasi kati ya ncha za gurudumu na ukuta wa nyumba ni ndogo kuliko upana wa ukucha. Ikizidi, moshi hupita pembeni bila kufanya kazi. Ikipungua, gurudumu hugusa ukuta na kuvunjika. Nyumba iliyokwisha kutumika itazamwe vizuri kama ina nyufa, hasa karibu na mahali moshi uingiapo.

JINSI YA KUJARIBU

Baada ya kufunga, usiamini masikio peke yake. Sauti ya turbo ni tamu, nayo imewadanganya wengi. Fungia saa mbili za kipimo: moja ya msukumo wa hewa iingiayo, na nyingine ya joto la moshi kabla haujaingia katika turbo. Kisha tafuta mlima mrefu unaoujua, upande na mzigo wako wa kila siku.

Ukiona msukumo wa hewa unakuja mapema, unatulia, na joto la moshi linapanda taratibu na kusimama, umechagua vema. Kwa dizeli ya kawaida, joto likielekea kupita nyuzi 700 za sentigredi kwa muda mrefu, punguza mguu na rudi kwa fundi. Hiyo ni onyo. Injini ya petroli hutoa moshi wa moto zaidi, kwa hiyo tarakimu ya dizeli isitumiwe kuipimia.

Fundi mwenye vyombo huweza kuongeza saa ya tatu, ya kupima msukumo wa moshi unaorudi nyuma katika manifoldi. Msukumo huo ukikaribia kuwa mara mbili ya ule wa hewa iingiayo, nyumba ni ndogo mno kwa kazi hiyo.

DALILI ZA NYUMBA ISIYOFAA

Nyumba ikiwa ndogo mno, gari huondoka vizuri sana, kisha huonekana kama limefungwa kamba kwa nyuma likifika mizunguko ya juu. Joto hupanda katika mwendo mrefu, manifoldi hupasuka mara kwa mara, na mafuta huliwa bila faida.

Nyumba ikiwa kubwa mno, gari hutoa moshi mweusi lianzapo kupanda, kwa kuwa mafuta yamefika na hewa bado. Dereva hulazimika kurudi gea ya chini kila mara na kusugua klachi. Kisha nguvu huja yote kwa pamoja, kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Katika barabara ya vumbi au ya matope, au wakati wa kupita gari jingine, nguvu ya namna hii ni hatari.

Lakini kabla hujailaumu nyumba, tazama mambo madogo kwanza, maana dalili hizi huweza kuletwa na sababu nyingine. Chujio la hewa lililojaa vumbi huifanya turbo njema ionekane imelala. Katika nchi yetu wakati wa kiangazi, chujio huweza kujaa kabla ya siku zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Paipu ya mpira iliyopasuka kati ya turbo na injini hupoteza hewa. Ule mlango mdogo upunguzao moshi, ambao hufunguka msukumo ukizidi, huweza kukwama ukiwa wazi, na turbo isiamke. Au ukakwama umefungwa, na msukumo ukapita kiasi. Pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kipimo hutoa moshi mweusi hata turbo ikiwa kamili. Mambo haya ni ya gharama ndogo. Mtu asiuze mbuzi wawili kwa ajili ya nyumba mpya, na kumbe tatizo ni kipande cha mpira.

NYUMBA YENYE MABAWA

Wasomaji wengine watauliza, Je, haiwezekani kuwa na nyumba moja iliyo ndogo na kubwa pia? Yawezekana. Katika magari mengi ya dizeli ya siku hizi, kama yale ya Toyota yenye injini ya 1KD ya lita 3, nyumba ya moshi ina mabawa madogo yaliyopangwa kulizunguka gurudumu. Injini ikizunguka polepole, mabawa hujifunga na kuibana njia, ikawa kama majabali ya mto. Injini ikienda kasi, mabawa hufunguka na njia ikawa pana kama uwanda wa mchanga.

Huu ni ufundi wa ajabu, lakini nao una masharti yake. Mabawa hayo hushikwa na masizi, hasa ikiwa gari huenda safari fupi fupi, au mafuta yana uchafu, au nozo zimechoka. Yakikwama, gari hupoteza nguvu au hukatika nguvu ghafla mlimani. Mwenye gari la namna hii hana haja ya kuchagua tarakimu. Kazi yake ni kulinda usafi: mafuta safi, oili ya namna iliyoagizwa na kubadilishwa kwa wakati wake, na chujio la hewa lisilopitisha vumbi. Akitaka kuling'oa turbo hiyo na kutia ya kawaida, na afahamu kwamba anarudi katika lile chaguo la kwanza, la kukosa upande mmoja ili apate mwingine.

SHAURI LA MWISHO

Watu wengi hupenda kitu kikubwa kwa sababu ni kikubwa. Turbo kubwa hupendeza kutazamwa boneti ikifunguliwa, na tarakimu zake hutajwa kwa fahari mbele ya wenzi. Lakini mzigo wa mchanga haupandi mlima kwa fahari. Hupandishwa na hewa iliyofika ndani ya silinda kwa wakati ule ule dereva alipokanyaga mafuta.

Kwa hiyo, uendapo kwa fundi, usianze kwa kutaja tarakimu. Mweleze mambo manne: gari langu hubeba uzito huu, hupita njia hii, huzunguka mara hizi lipandapo, na injini yake ni ya namna hii. Fundi ajuaye kazi yake atakuuliza hayo kabla hajakutajia bei, na kutokana na majibu yako atakuonyesha nyumba ikufaayo. Asiyeuliza hata moja, bali akutajia tu turbo kubwa aliyo nayo dukani, mshukuru kwa heshima, ukatafute mwingine.